Kodi ya Miaka Mitatu Mbele

Rejaf, 14 Novemba 2022

Mwanangu Crispus,

Usishtuke kupata barua badala ya simu. Huku kwetu mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na kichuguu chenyewe kina foleni. Barua nampa Nyapal, yule anayepeleka mboga soko la Hai Mauna kila asubuhi. Majibu mpe yeye.

Bila shaka umesikia habari za Robinson. Raksha ilimtoka mikononi pale New Site, magurudumu matatu yote yakapanda njia ya watu, akamgonga mtoto wa miaka sita. Mtoto hakufika hospitali. Mimi ni mama, na sina neno la kumtetea mwanangu mbele ya mama mwenzangu. Yuko rumande wiki ya tatu. Juzi tulikaa mbele ya wazee wa mahakama wakakata dia, fidia ya damu: milioni nane za paundi. Nusu ilipwe sasa ndipo atoke, nusu baada ya miaka miwili. Mjomba wa mtoto alinitazama machoni akasema, "Msipolipa, tutampata tu, huko huko mtakakomficha."

Sasa nije kwako. Kodi yako ya miezi sita imeisha mwezi huu. Najua desturi ya Juba ni miezi sita mbele. Mimi nakuomba mwaka mzima. Nikipata mwaka, zilizobaki nitakopa kwa ndugu za marehemu mume wangu. Umekaa kwenye nyumba yangu miaka miwili na hatujakosana hata siku moja. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Basi mwenyeji ndiye mimi, mwanangu, na nataka kupona.

Mama yako,
Tisa


Hai Mauna, 17 Novemba 2022

Mama Robinson,

Bwana asifiwe. Nilisoma barua yako nikakosa hamu ya chakula. Pole sana, Mama. Jumapili nitamtaja Robinson kanisani, na kikundi chetu cha Wakenya tayari kinamwombea.

Lakini maombi bila mpango ni kelele. Tuongee kama watu wazima. Mwaka mmoja hautakutosha. Na ukikopa kwa ndugu za marehemu utakuwa umewafungulia mlango wa kudai kiwanja, hilo unalijua kuliko mimi. Nitakulipa miaka mitatu mbele. Mara moja, mkononi, milioni nne, paundi taslimu. Jumanne una pesa, Jumatano kijana yuko nyumbani anakula ugali wa mama yake. Nani mwingine katika Juba hii atakufanyia hivyo?

Naomba mambo mawili tu, madogo. Kwanza, bei isiguswe mpaka miaka mitatu iishe, maana natoa akiba yangu yote. Pili, niwe huru kutumia nyumba na uwanja wote nipendavyo. Tuyaweke kwa maandishi. Mimi ni mhasibu wa hoteli, Mama, bila karatasi silali.

Dola ningekupa, ila dola zangu zimekwama Nairobi. Halafu dia yenyewe ni ya paundi, dola ungezifanyia nini?

Mwanao,
Crispus Ndunda


Rejaf, 20 Novemba 2022

Mwanangu Crispus,

Barua yako imeniliza, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Nilifundisha watoto wa wakimbizi Kakuma miaka kumi na mitano, nikilipwa maharagwe na ahadi, sikulia. Nakubali. Miaka mitatu, milioni nne, paundi.

Ila nina neno moja. Uwanja utumie, panda sukuma wiki yako, fuga kuku, karibisha wageni, sina kinyongo. Lakini ile kona ya nyuma alipolala Gaetano wangu, hiyo usiihesabu kama uwanja. Mume wangu aliijenga nyumba ile kwa mikono yake, tofali baada ya tofali, miaka sita, akaishi ndani miezi minane. Nami nikifa nitalazwa kulia kwake, nafasi nimeshaipima kwa hatua zangu. Kila tarehe mbili Novemba, Siku ya Marehemu Wote, naenda kufagia na kumwambia habari za mwaka. Umeniona mwenyewe nikiongea peke yangu pale, ukacheka, nikakwambia cheka tu.

Andika kwenye karatasi kwamba kona ile haitaguswa.

Tisa


Hai Mauna, 21 Novemba 2022

Mama Robinson,

Kesho njoo na mfuko mkubwa, pesa ni nyingi kwa idadi ya noti. Karatasi ziko mbili, utatia sahihi zote, moja utaondoka nayo.

Kuhusu kona. Mama, kweli hilo ni jambo la kuandikwa? Kumweka marehemu kwenye mkataba wa kodi, katikati ya choo na tangi la maji, si ni kumkosea? Nimejaribu kuandika, kalamu ikanikatalia. Neno langu unalo, na Mungu amelisikia. Kaburi la mzee kwangu ni kama la baba yangu.

Crispus


Rejaf, 3 Novemba 2023

Mwanangu Crispus,

Asante kwa kunifungulia geti jana, na kwa soda. Nilifagia, nikapanda maua mapya, nikamweleza Gaetano kwamba mwanawe anaingia mwaka wa pili akiwa huru, na analima bamia huku Rejaf bila kugombana na mtu.

Nimeona nyumba imejaa. Yule binti wa benki, Cheryl, ana adabu sana. Alidhani mimi ni mama wa kufua, akaniuliza nafua shuka kwa bei gani. Tukaongea. Akaniambia anakulipa dola mia mbili na hamsini kwa chumba kimoja, miezi sita mbele, na vyumba umevipangisha vitatu. Nilirudi nikipiga hesabu mpaka nikapitiliza njia ya kwangu.

Sikuonei kijicho. Aliyepata amepata. Lakini paundi inaanguka, na wewe mhasibu ulikuwa unajua itaanguka. Milioni nne zako zilikwenda kwa wenyewe siku ile ile, sikubaki na hata ya chumvi, na mpaka Novemba 2025 sina kodi ya kupokea. Mfuko wa unga niliokuwa naupata kwa kazi ya wiki moja sasa unanichukua mwezi kuutafuta. Niongezee kidogo, mwanangu. Dola thelathini kwa mwezi. Kwako hiyo ni dizeli ya siku mbili.

Tisa


Hai Mauna, 10 Novemba 2023

Mama Robinson,

Nimefurahi kusikia umefika salama. Hilo la nyongeza limeniumiza, sitaki kukuficha. Tulikubaliana, tukatia sahihi. Kama paundi ingepanda, ungenirudishia? Usingenirudishia, na mimi nisingekuja kukulilia. Biashara ni biashara, Mama, na undugu ni undugu, tukivichanganya tutakosa vyote viwili.

Wapangaji wangu ni wangu. Jenereta ni langu, maji nanunua mimi, rangi nilipaka mimi. Ukija mwakani, tafadhali usiongee nao. Cheryl alibaki na maswali mengi.

Nimempa Nyapal kilo mbili za sukari akuletee. Hiyo ni zawadi. Usiihesabu kama kodi.

Crispus


Rejaf, 9 Juni 2024

Bwana Crispus,

Mvua ya Ijumaa imeangusha tukul yangu. Udongo ulilainika upande mmoja, nyumba ikalala. Robinson anahifadhiwa kwa rafiki yake. Mimi nalala kwenye rakuba ya jirani, na rakuba unaijua, ni paa la nyasi na miti minne, ukuta hata mmoja hakuna. Miguu imevimba, viatu haviingii.

Kile chumba cha stoo nyuma ya jiko nakiomba, mpaka mvua ziishe. Sitaongea na mtu. Nitatoka alfajiri, nitarudi jioni, hata Cheryl hatajua kuna mtu. Naomba kulala stoo kwenye nyumba yangu, Bwana Crispus, na mkono wangu unaandika huku unanishangaa.

Tisa


Hai Mauna, 12 Juni 2024

Mama Robinson,

Pole kwa nyumba. Mvua ya mwaka huu haina adabu.

Chumba cha stoo analala mlinzi. Naweza kumhamisha, ila itanibidi nimpangie kwingine, na hiyo ni gharama. Kwa hiyo nitakupa kwa dola sitini kwa mwezi, miezi sita mbele. Usinielewe vibaya. Ndiyo desturi ya Juba, wewe ndiye uliyenifundisha nilipofika.

Kama huna, kuna njia nyingine. Wapangaji wangu wamenunua magari, na magari yanalala barabarani, vioo vinavunjwa kila wiki. Kona ya nyuma inatosha magari matatu. Tukisawazisha pale tukamwaga simiti, kwa heshima zote, padre nitamlipa mimi, basi utakaa stoo bure mpaka mkataba uishe. Fikiria, Mama. Mzee hapungukiwi na kitu. Wewe ndiye unayenyeshewa.

Crispus


Rejaf, 13 Juni 2024

Bwana Ndunda,

Nimefikiria kwa muda uliotosha kuikunja barua yako. Heri nivimbe mpaka nipasuke.

Uliniambia kaburi lile ni kama la baba yako. Sasa nimejua baba yako ana mtoto wa namna gani, na namwonea huruma huko aliko. Mdomo uliotoa neno lile unanuka, na wapangaji wako wote watatu na magari yao hawawezi kunivuta nikakubali. Usiniandikie tena. Novemba nitakuja kufagia, na utanifungulia.

Tisa, mjane wa Gaetano


Juba, 4 Agosti 2024

Niaje Boss Crispus,

Ni mimi Robinson, wa Mama Tisa. Nakuandikia barua juu simu niliuza, siwezi kupiga. Mathe asijue nimekutafuta, tafadhali.

Ile nusu ya pili ya dia inafaa kulipwa Novemba. Nilienda kwa ile familia na zile nimeweka kidogo kidogo, nikawaambia nitamaliza. Wakatupa pesa chini. Mjomba akasema milioni nne za siku hizi hazinunui ng'ombe watatu, na mtoto wao alikuwa mtu. Wanataka dola elfu tatu, na wanataka mwezi huu. Wiki jana vijana wawili walikuja shambani. Walikaa chini wakaniangalia nikipalilia mpaka nikamaliza mistari miwili, wakaenda. Boss, hiyo maana yake naijua.

Mathe anadhani bado ni zile paundi, anauza kuku mmoja mmoja. Nikimwambia ukweli, moyo wake utasimama. Kuna vile unaweza nilipa miaka ingine mbele? Bei weka wewe. Mimi sina mdomo ya kubargain.

Robinson


Hai Mauna, 6 Agosti 2024

Ndugu Robinson,

Umefanya vyema kuja kwangu, hayo ni mambo ya wanaume. Kiwanja bado kiko kwa jina la marehemu baba yako na wewe ndiye mtoto wake wa pekee. Sahihi yako inanitosha. Mama hana haja ya kusumbuliwa, mgonjwa vile.

Dola elfu tatu ninazo hapa nyumbani. Zitakuwa kodi ya miaka miwili zaidi, mpaka Novemba 2027. Ila miaka peke yake bila nafasi ya magari hainifai kwa pesa hizo. Karatasi niliyoambatanisha ina mistari miwili, wa kwanza ni wa miaka, wa pili ni wa kona. Ukitaka mmoja ukakataa mwingine, nirudishie karatasi ikiwa tupu na tutabaki marafiki.

Sitamwambia mama yako. Nakuapia.

Crispus Ndunda


Juba, 15 Agosti 2024

Boss,

Nimekaa nayo siku tisa. Nimesaini mistari yote miwili. Pesa nimepata kwa Nyapal asubuhi nilipompa karatasi, na saa sita nilikuwa nimeshawapa wenyewe, mbele ya chifu.

Msalaba wa mzee usitupe. Weka mahali.

Mathe nimemwambia ile familia imetusamehe. Ilinitoka tu. Alipiga magoti akaanza kuimba, na magoti yenyewe hayakunjiki. Tangu mzee afe sijawahi kumwona hivyo.

Usiniandikie tena.

Robinson


Rejaf, 24 Oktoba 2024

Mwanangu Crispus,

Nilikukataza kuniandikia, na sasa mimi ndiye nimeshika kalamu, na nimekuita mwanangu tena. Hasira zimeisha. Watu wa yule mtoto wametusamehe! Nusu yote iliyobaki, bila hata ng'ombe mmoja! Robinson aliniletea habari mwezi wa nane, nikamwambia rudia, akarudia, nikamwambia rudia tena. Nimekaa nayo miezi miwili naogopa kuiandika isije ikaota mabawa.

Nikajiuliza, kama waliofiwa na mtoto wanaweza kuachilia damu, mimi ni nani nishindwe kumsamehe mtu aliyeomba kona? Ulikuwa na shida yako, uliuliza, nikakataa, basi. Kukuambia mdomo unanuka ilikuwa ni mimi na njaa yangu. Malesh, nisamehe.

Nitafika tarehe mbili asubuhi. Gaetano bado sijamwambia, sikutaka kumwambia nikiwa huku mbali, nataka niseme pale pale alipo. Nimenunua mshumaa mnene wa kanisani. Nilimwomba Robinson twende wote tukamshukuru baba yake, lakini anasema ana kazi. Kijana huyu siku hizi ana kazi hata Jumapili.

Umebaki mwaka mmoja na mwezi, halafu narudi kwangu. Sikufukuzi, ila nahesabu kama mtoto anayengoja kufunga shule.

Mama yako,
Tisa


Hai Mauna, 26 Oktoba 2024

Ndugu Robinson,

Najua ulinikataza, lakini soma. Mama yako anakuja tarehe mbili. Una siku saba za kumwambia, na ni kazi yako, usiniachie mimi. Mimi nitakuwa Nairobi.

Nakala ya karatasi yako nimemwachia mlinzi, amwonyeshe mama iwapo ataleta fujo mbele ya wapangaji. Nilikuapia kwamba mimi sitamwambia, na sitamwambia. Mlinzi hakuapa.

Crispus Ndunda


Rejaf, 3 Novemba 2024

Crispus Ndunda,

Nilifika saa moja asubuhi. Mlinzi wako ni mtu mwema. Alijaribu kunizuia getini, akasema maji yamekatika, akasema kuna mbwa mpya, akasema rudi kesho, mama. Nikapita.

Sikuleta fujo. Watu wako walikuwa wamelala. Nilisimama juu ya simiti nikatafuta kichwa cha mume wangu kiko wapi. Nilidhani ni pale karibu na ukuta, nikawasha mshumaa. Mlinzi akaniambia hapana, mama, kichwa ni huku, chini ya hii gari nyeupe. Nikamwomba aisogeze. Akasema Cheryl amesafiri na ufunguo. Basi nikalala kifudifudi nikausukuma mshumaa mpaka chini ya gari, mlinzi akapiga kelele kwamba kuna petroli, nikauzima. Nilimpa Gaetano habari yangu nimelala hivyo hivyo, shavu kwenye simiti. Nilimwambia tumesamehewa.

Kisha nikainuka nikauliza ni nani aliyekupa ruhusa, nikauliza kwa sauti, ndipo mlinzi akatoa karatasi. Alikuwa analia kabla yangu. Jina sikuhitaji kulisoma, mwandiko ule nilimfundisha mwenyewe, kwa kijiti, mchangani, akiwa na miaka mitano. Nikasoma mstari wa kwanza na wa pili, na tarehe, na dola elfu tatu. Hapo nikajua msamaha wetu ulinunuliwa wapi. Na nikajua sina mwaka mmoja wa kuhesabu, nina mitatu. Miguu hii haifiki huko, na nikifa sasa sijui nitalazwa wapi, maana kulia kwake kuna gari jingine.

Sikuandikii kukulaani. Nilijaribu njia nzima, lakini kila laana niliyoituma kwako ilimkuta mwanangu njiani, nikairudisha.

Nina ombi, na ni la mwisho. Wale vijana waliokuwa wanakuja kumkodolea macho shambani, nilikuwa nawaona, yeye akidhani siwaoni. Hawaji tena. Robinson hanitazami usoni, lakini usiku analala, na chakula anamaliza. Jana jioni alinikuta mlangoni kwa jirani, akaniuliza kama nilikwenda Mauna. Nikamwambia mvua ilinishika njiani nikarudi. Alikaa chini pale pale, akajifunika uso kwa mikono, akasema utakwenda mwakani, mama, mwakani nitakupeleka. Msalaba alionirudishia mlinzi nimeuacha kwa Nyapal, chini ya magunia yake.

Akija kukuuliza, au akikuandikia, mwambie sikuja.

Tisa